Gilasi Chini ya Nailoni

Nianze na harufu, maana majina yalikuwa yameshatutoka. Pale misheni, mtu akikaa siku tisa bila kuoga haoni tena sababu ya kuitwa hivi au vile. Mwanzoni kila kwapa lina mwenyewe: hili la mchunga mbuzi, hili la mama anayenyonyesha, hili la mzee wa tumbaku ya kusokota. Halafu, sijui siku ya ngapi, makwapa yote yanakubaliana. Unakaa kwenye benchi la kanisa, unainua mikono kuimba, na hujui kichefuchefu kilichokupanda kimetoka kwa jirani au kwako mwenyewe. Mimi nimekulia stendi. Nimelala sokoni juu ya magunia ya dagaa, nimekula sahani moja na watu wa kila namna, na sijawahi kumbagua mtu kwa harufu. Ile ilinishinda. Haikuwa harufu ya uchafu. Ilikuwa harufu ya watu waliokubaliana.

Desturi ndiyo ilikuwa hivyo. Mvua ikichelewa, kengele inapigwa, watu wanapakwa majivu usoni, na kuanzia hapo hakuna kugusa sabuni wala maji mwilini mpaka sala ziishe. Waliotutangulia walisema Mungu ana watu wengi, hawezi kutuangalia sisi kutwa nzima. Basi akipita juu yetu asituone, angalau asikie harufu yetu akumbuke. Na katika siku hizo kila chombo kilichobarikiwa kinafunikwa zambarau, kama wakati wa Kwaresima: msalaba, sanamu ya Bikira, kalisi ya divai, hata kengele ndogo ya altareni.

Na Gilasi.

Padre mmoja wa kizungu, ambaye hakuna aliye hai aliyemwona ila kila mtu anasimulia ndevu zake, alisimika nguzo fupi katikati ya uwanja wa misheni, juu yake akaweka chupa nyembamba ya kupimia mvua. Watu wakaicheka. Mbuzi wakajikunia kwenye nguzo. Siku moja Padre akachoka na dharau, akaja na ubani na maji ya baraka, akaibariki ili iheshimiwe. Ikaheshimiwa. Padre akaondoka au akafa, wasimulizi hawapatani, Gilasi ikabaki, na kwa kuwa ilibarikiwa ikahesabiwa pamoja na kalisi. Kwa hiyo sala za mvua zikianza, nayo inafunikwa. Na kwa kuwa ipo nje na kitambaa kingeoza, wanaifunika kwa nailoni nzito ya zambarau, wanaikaza kwa mpira wa baiskeli. Sala haziishi mpaka Gilasi ionyeshe vidole viwili vya maji. Nailoni haitoki mpaka sala ziishe.

Msinicheke. Nilijua. Wote tulijua. Nyumbani kwangu, ambako mabenchi manne hayakuwahi kutosha, niliwahi kulisema hilo wazi huku nikimimina chai: jamani, Gilasi si imefunikwa. Watu wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Halafu kicheko kikaisha, na kila mtu akaangalia ndani ya kikombe chake kana kwamba kuna nzi. Nimeufikiria sana ukimya ule. Nilikuwa nadhani kujua ni kama taa, ukiwasha giza linaondoka. Siyo. Watu mia mbili wanaweza kujua jambo moja, wakalikalia wote kwa pamoja kama kuku juu ya yai bovu, na kila mmoja anangoja mwenzake ainuke kwanza ili asiwe yeye aliyeleta uvundo.

Mvua ilinyesha siku ya tisa, mchana, tukiwa katikati ya litania. Ilianza kwa matone mazito yaliyopiga vumbi la uwanjani, yakaja mengine nyuma yake, mvua ikajaza mfereji wa kanisa, ikaingia mlangoni ikatulowesha magoti. Kuna wanawake waliokuwa wameshafungua midomo kupiga vigelegele. Mwalimu Teofili, katekista wetu, akainua mkono. Akatoka nje na daftari chini ya kwapa. Tukamwona akisimama mbele ya nguzo, akainama, akaingiza kichwa chini ya nailoni kama mpiga picha wa zamani, akakaa humo kitambo, akatoka. Maji yalikuwa yanamtiririka puani. Akafungua daftari, akaandika sifuri, na wino ukaanza kukimbia palepale kwenye ukurasa, akaukinga kwa kiganja ili sifuri isiharibike.

Akarudi, akasema Gilasi ni kavu, kesho tutaendelea na siku ya tisa.

Ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa mwongo. Waongo ni watu wangu, nimelelewa nao, mwongo ana joto, ukimbana anakukonyeza. Teofili hakuwa mwongo. Aliingiza kichwa, akaona chupa kavu, akaandika kavu. Ndipo nilipoanza kuogopa, na swali likaniingia ambalo halijanitoka mpaka leo: mvua ni nini? Ni haya maji yanayoanguka, au ni yale yaliyofika mahali ambapo mwenye daftari anaingiza kichwa? Kama ni yale ya pili, basi mimi mwenyewe, niliyelowa mpaka kwenye chupi, nilikuwa mkavu. Na kama mimi ni mkavu huku nimelowa, kuna kitu gani juu yangu ambacho mtu hawezi kukiandika kinyume chake?

Ile iliyoanguka tukaipa majina mengine. Ikaitwa umande. Ilipokuwa kubwa sana ikaitwa umande mzito. Majani yalipoanza kutoka uwanjani, Mwalimu akasema ni kutu ya ardhi, inatokea ukame ukizidi. Vyura walipolia akasema ni pigo. Kila asubuhi tulipangwa mstari tupakwe majivu upya, kwa kuwa umande ulikuwa umeyaosha. Na siku ya tisa ikaendelea. Skolastika, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alijifungua siku ya tisa. Mtoto akaota meno siku ya tisa. Akaanza kutambaa kwenye matope yale ambayo hayakuwepo, na mama yake akamfuta magoti na kusema vumbi la mwaka huu linanata.

Mtu mmoja tu alikataa jina la umande, naye hakukataa kwa mdomo. Huyo ni Apolonia, wifi yangu, mjane wa kaka yangu. Mwanamke mkimya, mwembamba, wa kukaa kwenye benchi la mwisho na kutoka wa kwanza. Tulitaniana kama mawifi wanavyotaniana. Nilimwambia kaka yangu alimwoa ili apate mahali pa kulala bila kelele, naye akaniambia kaka yangu alihama kwangu ili apate mahali pa kusikia akili zake. Sisi wote tulitegemea mbegu iliyobarikiwa, ile inayofungiwa sakristia na kugawiwa sala zikiisha. Yeye alikuwa na yake: mashuke ya mtama aliyoning'iniza juu ya mafiga, meusi kwa moshi. Asubuhi ya pili baada ya ile mvua nilimkuta shambani kwake, nyuma ya kanisa, ameinama na jembe. Anachimba, anadondosha, anafukia kwa wayo. Nikamuuliza anafanya nini wakati sala hazijaisha. Akasema bila kuinuka kwamba ardhi imelowa hadi kwenye kiwiko, amepima kwa mkono wake, na ardhi ikikauka tena hakuna atakayemrudishia msimu.

Hapo ndipo ninapojichukia kwa mpangilio mzuri, hatua kwa hatua.

Ningeweza kunyamaza. Lakini nyumba yangu siku zile ilikuwa imejaa kuliko wakati wowote wa maisha yangu. Watu hawana shamba la kulima, hawana kuoga, hawana la kufanya ila kusali na kuja kwangu. Walikaa mabenchini, madirishani, kizingitini, walinuka kwa pamoja na kunitazama mdomo. Nyumba iliyojaa inadai kulishwa. Siku hiyo nilikuwa sina la kuwalisha, basi nikasimama katikati, nikafunga khanga kama Apolonia anavyofunga, nikainama kama anavyoinama, nikachomeka mkono hewani hadi kwenye kiwiko na kusema kwa ile sauti yake ya puani, imelowa. Nyumba ikavunjika kwa kicheko. Skolastika alinishika mguu akiniomba nirudie. Nikarudia mara tatu. Mara ya tatu nikaona kwamba mlangoni amesimama Mwalimu Teofili, na yeye hacheki, anafungua daftari.

Mtama haujui adabu. Ukaota. Ukasimama mistari mistari nyuma ya kanisa, kijani cha kukera, katika nchi ambayo kwa maandishi ilikuwa haijapata tone. Kama ungekuwa umeota kwa mvua, basi sisi wengine tulikuwa wajinga tuliokaa na mbegu zetu ndani huku msimu ukipita. Kwa hiyo haukuota kwa mvua. Ukaota kwa nini? Hapo kila mtu alikuwa na jibu, na kila jibu lilikuwa limetokea nyumbani kwangu na kuondoka na chumvi kidogo: anachimba kabla ya jua, anaongea na ardhi, anachomeka mkono. Mwisho ikasemwa kwamba amevuta maji yetu wote chini kwa chini, akayanywesha shamba lake, ndiyo maana Gilasi ni kavu.

Adhabu ya mwenye kuzuia mvua ilijulikana. Anatolewa nje ya uzio wa minyaa, na shamba lake linarudi kwa misheni. Nje ya minyaa hakuna jina la kitu chochote. Waliotoka hawakurudi kusimulia, na kwa mtu kama mimi hilo ndilo jambo la kutisha zaidi.

Tukaitwa kanisani. Kelele za maji kwenye bati zilikuwa kubwa kiasi kwamba Mwalimu alilazimika kungoja zipungue kidogo ndipo asome mashtaka. Watu walikuwa wamejazana, majivu yamechirizika mashavuni, nyuso zote mistari mistari kama pundamilia, na lile joto la miili likipanda na kushuka. Apolonia alisimamishwa mbele ya altare, kati ya msalaba uliofunikwa na Bikira aliyefunikwa. Aliulizwa kama alipanda. Akasema ndiyo. Aliulizwa aliona wapi mvua. Akasema mvua haionwi mahali, mvua inanyesha. Watu wakaguna. Mwalimu akasema hapa hatusemi kwa hisia, tuna kipimo, na kama yupo shahidi mwingine aliyeiona hiyo mvua asimame. Kisha akanitaja mimi, kwa heshima zote, kwamba mimi ndiye niliyekwenda shambani, mimi ni wifi yake, na hakuna jambo la misheni linalonipita.

Nikasimama. Nilikuwa nimekaa chini ya tundu la bati. Tone lilianguka utosini, likasita kwenye nywele, likashuka.

"Mama Nyemo," Mwalimu akaniuliza, "ilinyesha au haikunyesha?"

Nikaangalia nyuso zile. Nilizijua zote na sikuitambua hata moja. Zilikuwa uso mmoja wenye njaa, ule ule uliokuwa ukikaa mabenchini mwangu, na nilielewa kwamba nikisema neno moja, kesho nitapika chai ya mtu mmoja. Sikuogopa minyaa. Niseme kweli, maana kuongopa hapa kutanizidishia kinyaa: niliogopa ukimya wa sebule.

"Mimi sijui kusoma Gilasi, Mwalimu," nikasema.

Akaandika. Apolonia alikuwa ananitazama, si kwa hasira. Alitazama kama mtu anayekutafutia uchafu jichoni.

"Wifi," akasema, "hicho kinachokutiririka usoni ni nini?"

Tone lilikuwa limefika kwenye paji la uso, likachora njia katikati ya majivu.

"Jasho," nikasema.

Akashuka ngazi ile moja ya altare, akaja mpaka nilipo, hakuna aliyemzuia. Akaniondolea lile tone kwa kidole, taratibu, kama anavyofutwa mtoto, akaliweka ulimini mwake.

"Jasho lina chumvi, wifi."

Mwalimu akafunga daftari.

Tulimsindikiza sote, ndiyo desturi. Njia yote kutoka kanisani mpaka kwenye minyaa ilikuwa imejaa madimbwi, na sitasahau jinsi tulivyotembea. Tuliyaruka. Watu mia mbili waliotoka kuthibitisha kwamba hakuna maji, walinyanyua khanga na pindo za suruali, wakapishana pembeni mwa madimbwi, wakashikana mikono kwenye utelezi, na mmoja akamwambia mwenzake aangalie asianguke. Apolonia peke yake alipita katikati. Alipofika kwenye mwanya wa uzio akageuka, akanitafuta kwa macho, akaniambia palizi ya kwanza nisiicheleweshe, wiki ya tatu, na ndege nianze kuwafukuza mashuke yakiingia maziwa. Kisha akapita. Kwa mbali, mgongo ule na majivu yale, aliyekuwa anakwenda angeweza kuwa mimi. Nilisimama nikijishika mikono ili nijue nani amebaki.

Nikapalilia. Sikuambiwa na mtu, sikukatazwa. Shamba lilikuwa la misheni sasa na mtama ulikuwa haupo, kwa hiyo nilikuwa napalilia kitu kisichokuwepo na hakuna anayeweza kumshtaki mtu kwa hilo. Nikafukuza ndege. Mashuke yakaiva siku ya tisa. Siku ya tisa nikavuna, nikapura, nikasaga. Kwenye nyumba za watu unga ulikuwa umeshakwisha, mbegu za sakristia zilikuwa zimeshaliwa na fukusi huko zilikofungiwa, na nilipopika ugali wa kwanza, mchana, mvuke ulipotoka dirishani, nyumba yangu ilijaa kama zamani. Walikuja wote. Walikaa mabenchini, madirishani, kizingitini. Mwalimu Teofili akabariki chakula, akashukuru kwa riziki katika mwaka huu wa ukame, tukaitikia amina, mikono yote ile yenye koga la miezi ikaingia kwenye sahani zangu.

Walikula vizuri. Niliwatazama wanavyotafuna, uji wa mate na mtama kwenye pembe za midomo, vidole vinavyolambwa mpaka kwenye kifundo, na mvua juu ya bati ikizidi, ikabidi wapaze sauti ili wasikilizane wanapolalamikia jua. Skolastika akasifu ugali, akasema una ladha ya moshi moshi, akauliza ni mtama wa wapi.

"Wa Apolonia," nikasema.

"Apolonia yupi?"

Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa anamega tonge. Nikaangaza mabenchi yote manne kutafuta mtu mmoja, hata mmoja, ambaye tonge limemkwama. Mwalimu alikuwa amesogeza sahani yake aongezewe.

Na mimi pia nina tundu kwenye bati langu. Tone likaanguka utosini, likashuka kwenye paji la uso. Nikalifuta kwa kidole, nikaliweka ulimini. Sijui kwa nini wote waliona. Labda ni kwa sababu nilikaa nalo muda mrefu. Kelele zikapungua, benchi kwa benchi, mpaka ikabaki ile ya juu ya bati tu.

"Mama Nyemo," Mwalimu akasema kwa upole, sahani bado iko mkononi, "nini hicho?"

Mara ya kwanza maishani nyumba yangu ilikuwa imejaa na haitaki kusikia neno.

"Mvua," nikasema.

Hawakugombana nami. Walilamba vidole, wakaanza kuinuka. Skolastika alimbeba mtoto wake, akanipita kana kwamba mimi ni nguzo ya mlango. Wakatoka mmoja mmoja, na kila aliyefika kizingitini alisimama kidogo, akaangalia juu, akajifunika kichwa kwa sahani yangu ndipo akakimbia. Mwalimu alitoka wa mwisho. Nilimwona dirishani akikatiza uwanja, daftari limefichwa ndani ya shati lisilowe, akaenda kwenye nguzo, akaingiza kichwa chini ya nailoni. Akatoka. Akaandika. Kisha akaelekea kwenye kamba ya kengele.

Mabenchi manne hayakuwa na mtu. Sikujua kwamba sebule yangu ina mwangwi. Nikachukua beseni, nikalitega chini ya mchirizi wa bati, likajaa haraka kuliko nilivyotarajia. Kipande cha sabuni kilikuwa palepale nilipokiacha siku ya kwanza, juu ya ukuta wa bafu, kimepasukapasuka. Kengele ikaanza kulia. Nilijua wanakuja, na nilijua kuwa wakifika itabidi waniangalie usoni, kwa kuwa kwa harufu watanikosa. Nikakaa kwenye kigoda mbele ya mlango wangu, mahali ambapo kila mtu angeona, nikalowesha sabuni mpaka ikatoa povu.

Nikaanza na ulimi.